Uzi: Ukiacha prednisoloni ya miaka mingi, tezi za adrenali huamka baada ya muda gani?

#1 MwalimuWaTabata

Wakuu, habari za jioni.

Nimemeza prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, miaka kadhaa kwa sababu ya baridi yabisi. Dozi ilikuwa inashuka, viungo vikiwaka inapandishwa tena. Baadaye daktari akaniwekea methotreksati, viungo vikatulia, tukaanza kuishusha predni mpaka mg 5, ikawa 2.5, mwisho nikaacha kwa maelekezo yake. Ni miezi sasa sijagusa kidonge.

Tatizo limeanza huku baada ya kuacha. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikisimama ghafla naona giza. Chakula hakipiti, suruali zinapwaya, kipindi cha kwanza nafundisha nimekaa, na mapaja yanauma kama niliyebeba zege jana yake. Viungo vyenyewe havijavimba.

Nimepima kotisoli ya asubuhi, ile homoni inayotoka kwenye tezi hizi, imesoma 190 nmol/L. Karatasi ya maabara inasema kawaida ni 171 hadi 536. Daktari wa kwanza kaniambia niko sawa, niende mazoezini. Wa pili kasema tezi bado zimelala. Waliopita njia hii, za kwenu zilirudi kazini baada ya muda gani? Na hiyo 190 mnaisomaje?

#2 Kibwebwe

Nakaa hapa mkuu. Shemeji yangu wa Mbagala aliacha za pumu na yuko hivyohivyo. Waje wajuzi.

#3 MfamasiaTegeta

Pole mwalimu. Nianze na kinachotokea ndani, wengine wataongezea.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo ya adrenali, na humo ndimo kotisoli inamotengenezwa. Tezi hii haijiamulii. Inangoja amri ya homoni ya ACTH kutoka pituitari, iliyo chini ya ubongo, na pituitari nayo inaamriwa na haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake. Ukimeza prednisoloni kila siku, ubongo unaona mwilini kumejaa, unaacha kutuma amri. Miezi ikipita bila amri, ile sehemu ya tezi inayotengeneza kotisoli inasinyaa. Mwili wa mtu mzima unatengeneza kwa siku kotisoli inayolingana na prednisoloni ya mg 4 hadi 6 hivi. Kwa hiyo kidonge kimoja tu cha 5 kinatosha kuifanya tezi ikae bila kazi.

Kurudi kunaanzia juu. Pituitari inaamka kwanza, tezi inafuata nyuma. Kuna utafiti wa zamani wa Graber na wenzake, wa 1965, ambao bado unatajwa: miezi ya mwanzo ACTH ilipanda hata kupita kawaida, kotisoli ikiwa bado chini, na kotisoli ikaja kukaa sawa kwenye mwezi wa tisa hivi. Wapo wanaovuka mwaka. Wapo wachache ambao hairudi.

Kuhusu 190: vyama vya madaktari wa homoni vya Ulaya na Marekani vilitoa mwongozo wa pamoja 2024. Ikiwa juu ya 300 nmol/L asubuhi, tezi imerudi. Chini ya 150, bado. Kati ya hapo huwezi kusema, unarudia baada ya wiki kadhaa au miezi. Wewe uko katikati kabisa. Ile 171 ya kwenye karatasi imepatikana kwa watu wazima wenye afya, haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyetoka kwenye steroidi.

#4 Chausiku_K

Mi naona mnatishana. Nilimeza za ngozi muda mrefu, nikashusha polepole, nikaacha, sikupata hata kizunguzungu. Baada ya miezi michache nikapimwa, iko juu. Mwalimu huenda ni upungufu wa damu tu au mawazo ya kazi. Umepima damu?

#5 DerevaGongolamboto

Dada #4 mshukuru Mungu, maana miili haifanani. Mimi za pumu. Niliacha mwenyewe, hakuna aliyeniambia nishushe. Karibu mwaka mzima nilikuwa naegesha gari pembeni ya barabara ya Pugu nilale kidogo ndipo niendelee.

Kilichonishtua ni siku nilipokula kitu kibaya. Natapika, naharisha, nikafikishwa hospitali sijitambui vizuri. Presha chini, sukari chini, chumvi ya damu chini. Kipimo cha malaria hakuna kitu, lakini wakaanza dawa ya malaria hivyohivyo. Akapita daktari mmoja mtu mzima, akanitazama usoni, akamuuliza mke wangu: huyu amewahi kutumia dawa za steroidi? Mke akatoa pakiti tupu kwenye pochi. Wakanichoma haidrokotisoni, yaani kotisoli ya kutengenezwa, mg 100, na dripu ya maji ya chumvi ikaachiwa ikimbie. Mke wangu anasema dripu haijaisha nikaomba chai.

Kwa hiyo mwalimu, uchovu si wa kudharau. Siku ya homa au ya kutapika ndiyo ya hatari.

#6 TibaZaBibi

Hizo zinaitwa tezi zilizochoka. Wazungu wanapima kotisoli, sisi tuna urukususu. Chemsha mizizi, kunywa asubuhi na jioni, ongeza tangawizi na asali. Unazifufua tezi bila kemikali. Nina wateja wengi wamepona.

#7 NesiMstaafu

Mwanangu #6, hapo tusipite haraka. Urukususu una kitu kinachozuia kotisoli isivunjwe kwenye figo. Matokeo yake mwili unashika chumvi na maji, presha inapanda, potasiamu inashuka. Mtu aliyekuwa anaona giza akisimama atajisikia vizuri siku mbili tatu, lakini tezi iko palepale, haijaamka. Nimemuona wodini mama aliyekunywa kila siku, moyo unadunda ovyo kwa sababu potasiamu imeisha. Na hilo jina la tezi zilizochoka vyama vya madaktari wa homoni havilitambui kama ugonjwa. Tezi iliyozimwa na dawa ni jambo jingine, linapimika.

#8 TibaZaBibi

Shikamoo mama. Nimekusikia, ila mbona watu wanapata nafuu? Siwezi kuacha ninachokiona kwa macho.

#9 NesiMstaafu

Marahaba. Nafuu nimekueleza inatoka wapi. Angalau wapime presha kabla hujawapa, na mwenye dawa za presha au za moyo usimpe kabisa.

#10 MzeeWaIlala

Vijana, dawa hii ina historia ndefu. Kotisoni ya kwanza kwa mgonjwa wa baridi yabisi ilichomwa 1948 kule Mayo Clinic, Marekani, na Dkt. Philip Hench. Mgonjwa aliyekuwa hawezi kutembea akatembea. 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Nobel. Dunia ikafurahi, dawa ikagawiwa kwa wingi. Haikuchukua muda. 1952 likaandikwa tukio la mgonjwa aliyekuwa ametumia kotisoni, akafanyiwa operesheni, presha ikaporomoka, akafariki, na tezi zake zikakutwa zimesinyaa. Kwa hiyo jambo hili linajulikana miaka 70 na zaidi, na bado mwalimu anaambiwa aende mazoezini.

Rais Kennedy naye alikuwa na tatizo hilihili la mwalimu. Alifanyiwa operesheni ya mgongo 1954 akiwa anatumia hizi dawa.

#11 MfamasiaTegeta

Mzee wangu historia yako safi, ila kwa Kennedy nirekebishe kidogo. Yeye alikuwa na ugonjwa wa Addison, yaani tezi zenyewe ndizo zilizokufa, na steroidi alipewa kuziba pengo. Mwalimu tezi zake nzima, zimekosa amri. Ile operesheni kweli ni ya 1954, na mwaka uliofuata iliandikwa kwenye jarida la upasuaji bila kumtaja jina, kwa sababu wakati ule kumpasua mtu mwenye Addison lilikuwa jambo zito.

#12 KijanaWaUpanga

Nasoma udaktari, naomba kuongezea kwenye hilo la #11. Hapa kwetu huwezi kuongelea tezi za adrenali ukaacha kifua kikuu. Thomas Addison alipouelezea ule ugonjwa 1855, wagonjwa wake kadhaa tezi zao zilikuwa zimeliwa na TB. Mwalimu, ngozi yako imekuwa nyeusi kuliko zamani, hasa kwenye mikunjo ya viganja na kwenye fizi? Unatamani chumvi? Kikohozi, jasho la usiku? Ukiwa na hayo tunafikiria tezi yenyewe. Iliyozimwa na dawa haileti weusi, kwa sababu ACTH iko chini, na chumvi mara nyingi haisumbui sana kwa sababu aldosteroni, homoni ya kushika chumvi, inaongozwa na figo, haingoji pituitari.

Na predni ya muda mrefu inashusha kinga, TB iliyojificha inaweza kuamka. Kupungua uzito kwako mimi kusingenipita hivihivi.

Jambo jingine watu hawalijui: rifampisini ya kutibu TB inaifanya ini livunje steroidi haraka. Mtu anameza dozi ileile, mwilini inabaki pungufu.

#13 MwalimuWaTabata

Asante sana kijana. Ngozi ileile, fizi zileile. Kikohozi sina. Picha ya kifua nilipiga kabla ya kuanza methotreksati, ilikuwa safi, lakini sijarudia. Nitarudia. Wingi wa damu uko vizuri dada #4, niliupima.

#14 FundiManzese

Samahani naingiza langu. Mimi sijawahi kumeza hizo dawa. Nilikuwa napaka krimu ya kung'arisha, ya kuchanganyiwa dukani kwenye kopo jeupe halina maandishi, mwili mzima, miaka. Nikaacha kwa sababu michirizi ilinijaa mapajani na uso ukawa unawaka jua likinipiga. Tangu niache nashona nguo moja napumzika, nashona nyingine napumzika. Hedhi zinaruka. Yanahusiana?

#15 MfamasiaTegeta

Dada yangu, yanahusiana sana. Kwenye mikorogo mingi mnawekwa klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni steroidi za kupaka. Klobetasoli ndiyo kali kuliko zote za kupaka: kitabibu hatutoi zaidi ya gramu 50 kwa wiki, na si zaidi ya wiki mbili mfululizo. Mtu anayepaka mwili mzima asubuhi na usiku anamaliza kopo kwa siku chache, na joto la Dar na ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba vinafanya iingie zaidi. Tezi haijali dawa imepita mdomoni au kwenye ngozi.

Nenda kapime kotisoli asubuhi, umwambie daktari neno kwa neno ulichoandika hapa. Usione haya. Vipodozi siku hizi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilipobadilishwa kuwa TMDA 2019, na kopo lisilo na maandishi halina pa kukaguliwa.

#16 JinaNimeficha

Ongezeni na hili. Natumia ARV zenye ritonavir. Nikapewa pampu ya kuvuta ya flutikasoni, nayo ni steroidi, kwa ajili ya pumu, sehemu nyingine kabisa, hawakuniuliza natumia nini. Uso ukawa mviringo, tumbo likatoka. Daktari wa kliniki yangu ndiye aliyegundua: ritonavir inazuia ini lisivunje ile dawa, inajaa mwilini kana kwamba nilikuwa nameza. Wakabadilisha pampu. Kuacha kwenyewe ndiko kulikonilaza, na hakuna aliyeniamini kwa sababu "pampu tu". Wenzangu mnaotumia hizi dawa, kila duka mnaloingia, semeni.

#17 MfamasiaTegeta

#16 nashukuru kwa kulisema. Dawa za fangasi kama ketokonazoli na itrakonazoli zinaweza kufanya hivyohivyo.

#18 SharoSinza

Sasa vipi kuhusu vile vidonge vya kunenepa? Kuna mtu namjua alikuwa anakula deksa na zile za hamu ya kula, akajaa mashavu, akaacha, akakonda ghafla na sasa hashuki kitandani.

#19 Kibwebwe

"Mtu namjua" 😀 Mkuu karibu, hapa hatuchekani.

#20 SharoSinza

Haya ni dada yangu wa kuzaliwa nimelala naye chumba kimoja utotoni. Nasaidiwaje?

#21 NesiMstaafu

Umefanya vizuri kumsemea. Deksamethasoni ya mg 0.75 ina nguvu ya prednisoloni mg 5, na inakaa mwilini muda mrefu kuliko zote, kwa hiyo inaizima tezi hata usiku, saa ambazo tezi ingepata nafasi. Vidonge vidogo, watu wanadhani dawa ndogo. Mtu ambaye hashuki kitandani usimngojee majibu ya jukwaani. Mpelekeni hospitali leo, na pakiti mkononi kama ipo. Mkifika semeni maneno haya: ametumia deksamethasoni muda mrefu, ameacha ghafla.

#22 SharoSinza

Tunaelekea Mwananyamala sasa hivi. Asante mama.

#23 Mpambe_Kigamboni

Mimi nilipewa deksa siku kumi wakati wa korona. Na mimi tezi zimelala?

#24 KijanaWaUpanga

Hapana mkuu, tulia. Chini ya wiki tatu nne kwa kawaida mtu anaacha bila hata kushusha, labda kama anazirudia mara kwa mara.

#25 Asha_Temeke

Nataka nimpinge kidogo Mfamasia, kwa heshima. Kila mtu hapa ni tezi, tezi. Mimi nina ugonjwa wa lupasi. Nilipofika predni 5 nikashushwa 2.5, nikawa na hali yote ya mwalimu: mapaja, kichefuchefu, kulia bila sababu. Kotisoli ikasoma zaidi ya 400. Nikaambiwa tezi nzima. Mwingine akasema lupasi inarudi, apandishe dozi. Wa tatu akasema mwili umezoea dozi kubwa, unadai, hata kama kotisoli ipo ya kutosha. Tukangoja, tukashusha polepole zaidi, ikaisha yenyewe. Mimi naamini ni huko kudai. Mwalimu usikimbilie kuitwa mgonjwa wa tezi.

#26 DaktariWaZamu

Dada Asha hoja yako ina uzito. Mambo matatu yanafanana mno: tezi haijaamka, mwili unadai dozi uliyozoea, na ugonjwa wa awali unarudi. Mara nyingine yako mawili kwa pamoja. Lakini nikuulize: wakati ule ulikuwa unatumia vidonge vya uzazi wa mpango?

#27 Asha_Temeke

Ndiyo, vya kila siku. Kwa nini?

#28 DaktariWaZamu

Kwa sababu estrojeni ya kwenye vidonge vile inaongeza protini inayobeba kotisoli kwenye damu. Maabara inapima kotisoli yote, iliyobebwa na iliyo huru, namba inapanda wakati ile inayofanya kazi haijaongezeka. 400 yako pengine isingekuwa 400. Sisemi tezi yako ilikuwa imelala, nasema kipimo kile peke yake hakikutosha kuthibitisha. Tungepata jibu zuri zaidi kwa kipimo cha kuchoma ACTH ya kutengenezwa, maikrogramu 250, tukachukua damu mwanzo na baada ya dakika 30 na 60. Kila hospitali haina, najua.

Pia kama bado mtu anameza prednisoloni, vipimo vingi vya kotisoli vinaihesabu na yenyewe. Inatakiwa apime kabla hajameza ya asubuhi hiyo, angalau saa 24 tangu ya mwisho.

Na wewe mwalimu: damu ilitolewa saa ngapi?

#29 Asha_Temeke

Dokta hilo hakuna aliyeniuliza kamwe. Lakini nilipona bila dawa ya ziada, kwa hiyo bado nabaki na langu.

#30 MwalimuWaTabata

Nilifika mapema, ila foleni ya malipo, halafu foleni ya kutoa damu, halafu mashine ya risiti ikagoma. Nakumbuka sindano imeingia adhana ya Ijumaa haiko mbali. Tuseme saa tano na kitu.

#31 DaktariWaZamu

Basi hiyo si kotisoli ya asubuhi. Inafika juu kabisa karibu na muda wa kuamka, tunachukua saa mbili, si zaidi ya saa tatu. Baada ya hapo inateremka mpaka usiku wa manane. 190 ya saa tano kwa saa mbili ingeweza kuwa kubwa zaidi. Namba 300 na 150 alizotaja Mfamasia ni za saa mbili. Rudia, na mwambie mtu wa maabara kabla ya kukaa foleni.

#32 MlinziWaMasaki

Na sisi tunaolinda usiku? Mimi saa mbili asubuhi ndiyo naenda kulala.

#33 DaktariWaZamu

Swali zuri na ni gumu. Saa ya mwili inafuata usingizi wako kwa kiasi, si yote, hasa kama siku za mapumziko unalala usiku. Mweleze daktari ratiba yako kamili ndipo mpange muda.

#34 MamaWawili_Kimara

Mwanangu wa kwanza ana ugonjwa wa figo ule wa kuvimba, predni anazijua tangu chekechea. Kila mkojo ukitoa protini dozi inarudi juu. Sisi tulifundishwa hivi: ndani ya jalada la daftari la kliniki nimeandika kwa kalamu nyekundu "MTOTO HUYU AMETUMIA STEROIDI MUDA MREFU", na tarehe ya kidonge cha mwisho. Akipata homa nina maelekezo ya daktari ya kiasi cha kumpa. Akitapika dawa, siongezi nyumbani, naondoka. Usiku mmoja tulipanda bodaboda mvua inanyesha. Yule nesi wa mapokezi aliposoma ile kalamu nyekundu hakuniuliza kadi ya bima, alikimbia naye ndani.

Uingereza nasikia wana kadi maalumu ya dharura ya steroidi. Huku jiandikieni wenyewe.

#35 DerevaGongolamboto

Mama Wawili umeongea. Yangu nimeibandika nyuma ya leseni.

#36 Ustadh_Magomeni

Assalamu alaykum. Ndugu yetu mwalimu kama ni mfungaji, na Ramadhani haikawii, mnamshauri nini? Mke wangu yuko kwenye kushusha dozi, anataka kufunga na mimi namuonea huruma.

#37 NesiMstaafu

Waalaykum salaam ustadh. Aende kwa daktari wake mapema kabla ya mwezi kuandama. Anayemeza prednisoloni mara moja kwa siku wengine hupangiwa daku. Ila aliye na tezi zilizolala akakosa maji kutwa nzima kwa joto hili, sukari na presha vinaweza kushuka vibaya. Ruhusa ya mgonjwa wewe unaijua kuliko mimi. Akifunga na akaona kizunguzungu au kutapika, afungue palepale.

#38 Ustadh_Magomeni

Ruhusa ipo ndani ya Qurani, Suratul Baqara, mgonjwa hulipa siku nyingine. Nitamsomea. Jazakallah khairan mama.

#39 Chausiku_K

Swali la kushusha: wengine mnasema shuka mg 1 kwa mwezi ukifika 5. Hizo za mg 1 mnazipata wapi? Nimezunguka Kariakoo naambiwa ni za 5 tu.

#40 MfamasiaTegeta

Zikikosekana, kidonge cha 5 kinakatwa katikati kwenye ule mstari, unapata 2.5. Daktari anaweza kukupangia leo 5, kesho 2.5, wiki kadhaa, halafu 2.5 kila siku. Au anakuhamishia haidrokotisoni, ambayo mg 20 yake ni sawa na predni 5 na inatoka mwilini haraka, tezi inapata nafasi ya kuamriwa usiku. Kukata robo kwa wembe kunakupa vipande visivyolingana, leo umepata 1, kesho 1.7. Kwa mtu aliyefika chini huko tofauti hiyo anaisikia.

#41 SharoSinza

Mrejesho wa dada. Amelazwa, amechomwa sindano ya haidrokotisoni, ameongea. Sukari ilikuwa chini sana. Mungu awabariki humu ndani.

#42 Kibwebwe

Alhamdulillah. Mkuu nisamehe kwa utani wa #19.

#43 MwalimuWaTabata

Wakuu, na mimi mrejesho. Nimerudia, nimeongea na maabara kabla, damu imetolewa saa mbili na robo. Imesoma 262. Picha ya kifua safi. Tezi ya shingo nayo imepimwa, iko sawa. Daktari wa pili anasema tusubiri, turudie baada ya miezi, na amenipa maelekezo ya siku ya homa. Wa kwanza bado anasema sina tatizo.

#44 MfamasiaTegeta

Kutoka 190 hadi 262, inapanda. Tezi inaamka mwalimu.

#45 DaktariWaZamu

Mfamasia, huwezi kulinganisha ya saa tano na ya saa mbili ukasema inapanda. Inawezekana haijasogea hata kidogo. Hii 262 ndiyo ya kwanza ya kweli, na bado iko chini ya 300. Ya pili kama hii ndiyo itakayotuambia.

#46 Asha_Temeke

Na inawezekana 262 inamtosha, uchovu ni mwili kudai dozi. Angalieni viungo vyake pia, baridi yabisi inaweza kuanza na uchovu kabla ya kuvimba.

#47 KijanaWaUpanga

Kama kipimo cha kuchoma ACTH kinapatikana mimi ningekiomba. Kwenye namba za katikati hicho ndicho kinachosaidia.

#48 MwalimuWaTabata

Nitauliza. Jingine dogo: Jumatatu nang'olewa jino la nyuma. Kuna haja ya kumwambia daktari wa meno haya yote?

#49 NesiMstaafu

Mwambie, tena kabla hujaketi kwenye kiti. Mpigie na daktari wako wa pili leo umuulize kama anataka umeze kitu kabla ya kung'oa, usijiamulie. Omba nafasi ya asubuhi, kula kwanza, usiende peke yako. Ukirudi nyumbani ukianza kutapika au kulegea, usilale ukisubiri kupambazuke.